Na mifuniko yake

Saa tisa usiku niko macho, najibu swali nililokwisha kulijibu Jumapili.

Mnajua Jumapili wote huja kula kwangu Kisasa, hapa Dodoma. Barua ya kupandishwa daraja imefika baada ya miaka yote ile (asanteni kwa pongezi), mama karudi salama kutoka Kondoa, nikachinja kuku. Tukiwa mezani redio ikataja Sudan: serikali ya jeshi imerudi Khartoum baada ya karibu miaka mitatu ya kukaa Port Sudan, na wapinzani wao wa RSF, kile kikosi cha wanamgambo, nao wana serikali yao Nyala. Nikaona nichangamshe chakula. Nikasema, "Hata sisi tulikuwa na vita vyetu. Serikali moja, miguu miwili, mmoja Dar mmoja Dodoma, watumishi tunapigwa vumbi katikati."

Nikaunganisha na ile hadithi ya lori la 2017, lililonihamisha Dar kuja Dodoma. Friji lililokwaruzwa, kabati la mninga lililovunjika mguu Gairo. Wameisikia mara kumi na bado walicheka. Jumanne, mtoto wa kaka, hakucheka. Alikuwa anachambua kidari, akauliza polepole bila kuinua macho:

"Shangazi, ulipohama ulibeba na sufuria?"

"Nilibeba zote. Na mifuniko yake."

"Sawa."

Basi. Akaendelea na kidari chake.

Bora angenitukana. Hiyo "sawa" naisikia nikipiga pasi, naisikia kwenye daladala la Mtumba. Na mimi, mifuniko nilitajia nini? Nani aliniuliza mifuniko?

Wasomaji wa zamani mnakumbuka Jumanne alikuwa mwaka wa tatu Khartoum. Tarehe 15 Aprili 2023, Jumamosi, kumi la mwisho la Ramadhani, jeshi la Burhan na RSF ya Hemedti wakaanza kupigania ikulu na uwanja wa ndege. Mwaka 2021 hao hao wawili walipindua serikali pamoja. Ikulu yenyewe jeshi lilikuja kuipata tena Machi 2025, na Jumanne zamani alishatoka, kwa basi hadi Ethiopia, mgongoni begi lenye vyeti na chaja isiyo yake. Sasa anasoma upya mwaka wa kwanza hapa hapa mjini, na watoto wanaomwita kaka.

Dodoma yetu kuwa makao makuu iliamuliwa 1973, ikasubiri weee, mpaka 2018 ndipo ikapata sheria yake. Majeruhi ni kabati langu. Na ndilo nililokuwa nampelekea Jumanne kama vita!

Nimejaribu kulisema lile swali kwa sauti zote. Kwa kejeli. Kwa hasira. Mara ya mwisho, nikiwa bafuni, nililisema kama mtu anayetaka tu kujua, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko zote. Huenda alikuwa anazikumbuka zake, alikoziacha, jikoni kwa nani sasa.

Jana jioni nasikia hodi. Yeye, na mfuko wa maharage ya soko la Majengo.

"Shikamoo Shangazi. Naomba ile sufuria kubwa."

Nikampa, sikutia neno. Alipofika mlango wa jikoni akageuka. "Na mfuniko wake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Yeye akabaki kakaza uso kama hakimu, kisha akashindwa. Alipika ful, ile waliyokuwa wakila kule asubuhi. Maharage hayakuwa yenyewe, mafuta ya ufuta hakupata, akamimina alizeti. Akaonja, akatikisa kichwa, akasema hapana, siyo. Tukaimaliza na mkate. Mama akaongezewa mara mbili.

Sasa jambo jingine. Mita ya maji. Tangu juzi inazunguka na bomba zote nimefunga, nimehakikisha, hata la nje kwenye mizabibu. Chini pamepigwa zege. Kuna anayemjua fundi bomba asiye mwongo huku Kisasa?