Mbalamwezi ndiyo msimu wangu

Mwezi umetoka mkubwa jioni hii, na wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, wamekwisha vuta vyombo vyao nchi kavu. Dagaa hufuata taa. Mwezi ukiizidi taa, hakuna anayepoteza mafuta yake kuingia ziwani. Kwao ni mapumziko. Kwangu ndipo kazi inapoanza, maana kila mwenye boti anakumbuka ghafla ubao uliokuwa ukivuja, na wote wanamtaka fundi siku hiyohiyo.

Naishi kinyume na mji huu. Giza likirudi, dagaa wakianikwa kila mahali na pesa zikizunguka, mimi nimekaa nanoa tezo.

Nilizaliwa ng'ambo, Kongo, mjini Baraka, upande wa Fizi. Tulivuka mwaka 1996 vita vilipotufikia, nikiwa mtoto bado. Ufundi niliupata huku, kwa mzee mmoja wa Ujiji ambaye babu zake nao walitoka Manyema, hukohuko Kongo. Ujiji ukifuatilia koo za watu hukawii kufika ng'ambo. Hata hivyo, mteja akitaka kupunguziwa bei hukumbuka kwamba mimi ni Mkongo. Boti ikimpendeza, anawaambia wenzake kaundiwa na fundi wa Kibirizi.

Wageni wakija Kigoma huoneshwa meli kongwe, Liemba. Ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapahapa, ikazamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927. Fundi wake mkuu, Anton Rüter wa Papenburg, jina lake limehifadhiwa. Naye alikuwa fundi mgeni kando ya ziwa hili. Ila mimi huwawaza wale Waafrika waliobeba vyuma na kupiga ribiti juani. Walikuwa wenyeji wote? Sidhani.

Leo kutwa nimekuwa chini ya boti ya mzee mmoja wa Kagunga, nakalafati. Pamba unaisokota mpaka iwe uzi mnene, unaichovya kwenye mawese, kisha unaipigilia kwenye upenyo kwa patasi butu. Ukiilegeza, maji yanapita. Ukiikaza kupita kiasi, ikilowa inavimba na kuusukuma ubao ulioufunga mwenyewe. Kinachoamua ni sikio: mwanzo nyundo inalia wazi, halafu sauti inakuwa nzito, na hapo ndipo unaacha. Kijana ninayemfundisha anapiga huku kaziba masikio kwa hedifoni! Nimemwambia azivue au akauze maji ya kunywa sokoni. Kazivua, kanuna mpaka saa kumi.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, watu walinipongeza kabisa. Boti zote ufukweni, fundi gani hatatajirika? Kazi ilikuwepo, tena tele. Lakini mvuvi asiyevua anamlipa fundi kwa nini? Nilifanya kazi kwa daftari, na baadhi ya majina hayo hayajafutwa mpaka leo. Samaki wanahitaji kupumzika, sibishi. Ila katika hesabu za kufunga ziwa sisi wa nyundo hatumo.

Dada yangu yuko Baraka bado. Mji wa Bukavu ulipotwaliwa na waasi wa M23 Februari 2025, alinipigia usiku kucha, mara anakuja, mara haji, nani atalinda shamba la mihogo. Hakuja. Mvua ikisafisha hewa naiona milima ya kwao waziwazi, na boti nilizounda kwa mikono hii zinakwenda huko na kurudi. Zimemfikia dada mara nyingi kuliko mimi. Anazitambua kwa omo, ile pua ya mbele, anasema nazikunja kuliko mafundi wengine. Siyo kweli, lakini simkatalii.

Jioni yule mzee wa Kagunga kaja kukagua. Kapapasa maungio, katikisa kichwa kwa kuridhika, kisha likaja lile nililolitarajia.

"Fundi, giza likiingia tutaelewana."

"Mzee wangu, dukani pamba hawaniuzii kwa giza."

Kacheka sana. Tumebishana mpaka adhana ya magharibi, mwisho katoa elfu thelathini na dumu la mawese, na deni lililobaki nimeliandika mbele ya macho yake. Kesho alfajiri tunabadilisha taruma mbili, zile mbavu za boti, za upande wa kushoto, zimeoza.