Namba 613

Mliokuwa mnangoja habari za ndoa ya Yaya (dada mkubwa) Odette mtanisamehe: imefungwa Jumamosi, mahari imekamilika, tumecheza hadi miguu ikavimba, basi. Leo siandiki juu ya ndoa. Kuna maneno ya binti yangu Gloria yamenikaa kooni tangu Jumatatu na nimechoka kuyatafuna peke yangu.

Jumatatu jioni hapakuwa na mteja salonini kwangu. Nilikuwa natenga meshi, nywele za kusukia, za binti mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, anayetaka rasta za kufika kiunoni. Unachambua, unapima kwa kiganja, unakata, unatundika mgongoni mwa kiti. Alichagua 613. Wanaosuka wanaijua. Kwa wengine: namba 1 ni nyeusi tii, 27 ina rangi ya asali, na 613 ni ile ya manjano iliyopauka, ya mabinti wa wafalme kwenye katuni. Gloria na Masengo wa jirani walikuwa chini ya meza, wameokota mabaki na kujifunga vichwani, wanagawana watu wa kuigiza. Gloria binti wa mfalme, kama kawaida. Trésor farasi, maskini, kila siku farasi.

"Masengo atakuwa mchawi."

Nikauliza bila kuinua macho: "Juu ya nini?"

"Juu eko mweusi."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua inanyesha. Mkasi ukanibaki hewani. Gloria amechukua weupe wa baba yake, mnamjua. Mimi nikikaa na Masengo, wateja wageni hudhani ndiye mwanangu.

"Na miye mama yako, niko rangi gani?"

Akatoka chini ya meza akanitazama, kweli akanitazama, kama mteja anavyojikagua kwenye kioo kabla ya kulipa.

"We? We hauna rangi. We uko mama."

Akarudi mchezoni.

Jumanne niliyaona maneno matamu. Mtoto hamuoni mama yake kwa rangi, nani asingefurahi? Nilimsimulia mteja wa asubuhi, tukacheka. Usiku umeme ukakatika, nikalala macho wazi, yakageuka. Hauna rangi. Maana yake ningekuwa nayo, ningekuwa mchawi. Alijua jibu, akaliona linakuja, akanipitisha pembeni kwa huruma. Jumatano nikajiambia hapana, mtoto wa miaka sita hana hesabu hizo. Baba Gloria alisema hivyohivyo: "Ana miaka sita. Lala." Akalala yeye.

Alhamisi nikaamua mwenye kosa ni televisheni. Nikampigia kaka yangu wa Likasi, maana utoto wetu Katuba ulipita dirishani kwa jirani, shingo zimenyooshwa, tukiangalia Schtroumpfs, wale watu wadogo wa bluu wa katuni. Nikamuuliza kama anakumbuka mchawi mweusi yeyote. Akacheka. Yeye ana vile vitabu vya picha vya zamani. Akaniambia Schtroumpfette, yule aliyekuwa wa kike peke yake katika kijiji kizima, hakuzaliwa na nywele za manjano. Peyo, Mbelgiji aliyewachora, alimleta mwaka 1966: Gargamel, mchawi adui yao, ndiye aliyemtengeneza ili awavuruge wenzake, na alimtengeneza na nywele nyeusi. Hakuna aliyemtaka. Walimwona kero. Kisha Grand Schtroumpf, mzee wa kijiji, akamfanyia upasuaji wa urembo, akatoka na nywele za manjano, na kijiji chote kikaanza kumpigania. Tabia? Ileile.

Na kuna hadithi ya kabla ya hapo, ya 1959, ambapo nzi anawauma, wanageuka weusi, wanapoteza maneno, wanabaki kurukaruka na kuumana mikia. Marekani walipoifanya katuni ya televisheni, waliwapaka zambarau. Kuna mtu aliona, basi, akabadilisha rangi ya wino.

Nilikata simu nikiwa na hasira tamu, ile ya kupata mshitakiwa. Halafu nikageuka nikaona kiti changu. 613 imening'inia mgongoni. Namba 1 kwenye mfuko chini, hakuna aliyeiomba tangu Pasaka. Gargamel alimsuka namba 1, Grand Schtroumpf akamgeuzia 613 akalipwa kwa mapenzi ya kijiji. Mimi nalipwa kwa faranga, kazi ni ileile. Na si meshi tu. Mara ngapi nimemwambia mteja "umetakata siku hizi!" nikimaanisha rangi imefifia, huku vifundo vya vidole vyake vimebaki vyeusi kama zamani? Kutakata. Kumbe sisi wengine tumechafuka. Gloria anacheza chini ya meza hiyo tangu ajue kutambaa. Ana masikio.

Ijumaa nikatafuta dawa. Tiana tulishamwonyesha, yule binti wa mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, wa 2009, lakini sehemu kubwa ya filamu yeye ni chura, na Gloria alipenda chura. Safari hii nikaazima Kirikou, filamu ya katuni ya 1998, ya Michel Ocelot, Mfaransa aliyekulia Conakry kwa miaka kadhaa. Mle ndani kila mtu ni mweusi: mtoto Kirikou, mama, babu, mchawi Karaba mwenyewe. Ubaya wa Karaba unatoka kwenye mwiba wenye sumu waliomchoma mgongoni. Nikawakalisha wote watatu kwenye mkeka.

Jumamosi asubuhi, kabla ya ndoa, nikategesha sikio. Safari hii rangi haikuwasaidia kugawana. Kirikou akawa Trésor kwa kuwa ndiye mdogo (hatimaye, Trésor!). Mchawi? Gloria akanyoosha kidole kulekule, kwa Masengo, nami nikaacha chai.

"Miye! Miye!" Masengo akaruka. "Mchawi njo anasemaka sana!"

Kumbe tangu Jumatatu alikuwa amefurahi. Akaamrisha, akatishia, akaanguka chini na kilio cha mwiba mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Gloria akabaki mwanamke wa kijijini anayeteka maji, akanuna, akaja kuniuliza kama kesho yeye anaweza kuwa Karaba. Nikacheka hadi pazia nililokuwa napiga pasi likaungua kidogo pembeni. Yule wa hofu nzito alikuwa mimi peke yangu.

Isipokuwa mama Masengo hajapita kunisalimu tangu Jumatano. Huenda ni soko la Ruashi tu, hurudi usiku. Au mtoto alisimulia. Nimekwenda mlangoni kwake mara mbili na sahani ya keki ya ndoa, nikarudi nayo.

Na leo, wakati nawaandikia hapa, mwenye nyumba amekuja na kijana mwenye futi ya chuma. Wamepima upana wa mlango wa saloni, wakapima hadi barabarani, kijana akaandika kwenye daftari. Nimemsalimu, ameitikia vizuri sana. Hakusema anapima nini.