Kubadili saa za miji ya mbali: pitia UTC kwanza

Jamani, msihesabu moja kwa moja kutoka mji hadi mji. Pitia UTC kwanza, yaani saa ya rejea ya dunia nzima. Mji ukiwa UTC-8 (nyuma ya UTC kwa saa 8), ongeza 8 kwenye saa yake. Ukiwa UTC+9, toa 9. Ukishapata UTC, fanya kinyume chake kwa mji wa pili. Jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24 na usogeze tarehe mbele siku moja. Likishuka chini ya 0, ongeza 24 na urudi nyuma siku moja.

Tuseme kikao ni Jumanne 16:00 Los Angeles, mwezi Januari (UTC-8). 16 + 8 = 24, yaani Jumatano 00:00 UTC. Auckland, New Zealand, wakati huo iko UTC+13, kwa hiyo kwao ni Jumatano 13:00. Julai kikao hichohicho kinaangukia Jumatano 11:00, maana miji hii hubadili saa kwa majira: Los Angeles imehamia UTC-7 na Auckland UTC+12. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanakariri tofauti ya saa 21, kumbe Julai ni 19, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Aprili ni 20. Kikao cha kila wiki kikaguliwe upya Machi, Aprili, Septemba na Novemba.

Kuna tofauti za nusu saa na robo saa pia: India ni UTC+5:30, Nepal UTC+5:45.

Na tafadhali, msiandike CST peke yake kwenye mwaliko. Kifupi hicho kina maana mbili: saa za Marekani ya kati (Central Standard Time) ni UTC-6, saa za China (China Standard Time) ni UTC+8. Andikeni jina la mji, tarehe na saa ya UTC.