Programu ya mazishi, wiki ile ya kura

Hii ni ya Januari 2021, Busia, upande wetu wa Uganda. Nilikuwa na kiduka cha kutaipu na fotokopi, kompyuta mbili na printa moja yenye kiburi. Kompyuta kubwa ilikuwa na Windows 7 ya fundi, si unazijua zile za kupigiwa kwa pesa kidogo halafu siku moja skrini inageuka nyeusi na pale kwenye kona inakuandikia kwamba nakala yako si halali, unazoea tu maisha yanaendelea. Ya pili ni kilaptopu ambacho mpwa wangu alikuwa ameshakitoa Windows na kukigeuza Linux.

Huyu kijana alikuwa mwaka wa pili chuo kule Kampala. Corona ikafunga vyuo Machi 2020, akarudi nyumbani na begi moja, fleshi yenye Linux Mint 19.3, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na maneno mengi. Anti, Microsoft wameiacha Windows 7 tangu tarehe 14 Januari, hakuna apdeti tena, mtu akiingia humu ndani utamjulia wapi? Nikasema sawa, twende Windows 10. Akacheka mpaka akakaa chini. Anti, RAM ni 2GB, itawaka ndiyo, lakini chai utakunywa chupa nzima Word haijafunguka, na apdeti zake zitakula bando lako lote. Hapo kwa bando alinishika, maana mimi kitu kinaniuma duniani ni bando kwisha na sijafanya kazi nalo.

Lakini mimi sina dini ya kompyuta, nina wateja. Kilichonishawishi zaidi ni fleshi za watu. Mtu anakuja na fleshi imezunguka duka zote za mji, ina ile vairasi ya kugeuza mafolda yote yawe shotikati, ukichomeka kwa Windows ukabonyeza shotikati moja tu umeambukizwa, na anayekufuata anaondoka nayo. Kwa Mint zile shotikati zinakaa tu pale kama takataka, hazifanyi kitu, unaingia unachukua faili la mtu unaprinti. Sasa upande wa pili kuna Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kurasa. Kadi za harusi, programu za mazishi, vyeti vya nursery, miaka yote nimezitengeneza kwa Publisher, na LibreOffice, ile ofisi ya bure inayokuja na Mint, inazifungua ndiyo lakini picha inaenda huku maneno yanaenda kule. Na printa kwa Mint ilikataa kata kata, kijana akahangaika nayo usiku hadi usiku.

Basi tukakubaliana. Kilaptopu na Mint yake kiingie intaneti na kipokee fleshi za watu, Windows tuichomoe mtandaoni kabisa, ibaki na Publisher na printa, kazi ihamie kule kwa fleshi ya duka tu. Kijana hakufurahi, alisema nimeweka mguu ndani mguu nje. Nikamwambia ndiyo, na duka linafunguliwa kesho.

Ugomvi mwingine ulikuwa wa mahali pa kuhifadhi kazi mtandaoni. Yeye anataka Google Drive, bure 15GB. Mimi Dropbox, bure 2GB. Ukiangalia namba ni kama mimi ndiye mjinga, lakini Google hawakutengeneza programu ya Drive ya kuinstolu kwenye Linux, kila kitu unafungulia kwa brausa, na Dropbox wanayo, inaweka folda kwenye diski yako hapohapo, faili liko mtandaoni na liko mkononi. Mimi nataka faili nilione. Tukagawana, templeti zangu zikaenda Dropbox, skani nzito na vitu vyake vya chuo Drive.

Sasa wiki ya kura. Tangu ile kodi ya mitandao ya kijamii, OTT, ya Julai 2018, shilingi 200 kwa siku ndiyo uguse WhatsApp, kila mtu alikuwa na VPN kwa simu, programu ya kupita pembeni ya kizuizi, hata mama muuza ndizi. Kwa hiyo Jumanne tarehe 12 mitandao ya kijamii ilipozimwa hatukushtuka, tukawasha VPN. Jumatano usiku, kuamkia kura yenyewe, wakakata intaneti yote. VPN inataka barabara ya kupitia, na barabara haipo.

Na nilikuwa na mazishi ya Jumamosi. Mzee mmoja wa huko nje ya mji, binti yake anakaa Nairobi, ndiye anaandika programu kwa Word na kuniwekea Drive. Ijumaa asubuhi ananipigia simu, kupiga kulikuwa kunapita, ananiambia dada nimemaliza, picha ya baba iko humo, nakala 200 tafadhali. Nikamwambia mwanangu, kwetu hakuna kitu.

Busia ina bahati yake moja. Watu wengi tuna laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, na mawimbi ya Safaricom ya Kenya hayaulizi mpaka uko wapi. Pale dukani yalikuwa yanakuja yanakwenda, kijana akasema anasogea kule karibu na mpaka kwa rafiki yake anayekaanga rolex, zile chapati za kukunjia mayai, huko yanashika. Mimi roho iko juu. Askari wamejaa barabarani, wiki ya kura, kijana ana laptopu kwenye begi, atawaambia nini? Nikamwambia afunike na kanga, abebe na mayai. Alikwenda nayo hivyo kweli, trei ya mayai mkononi. Akanunua bando la Kenya, akaunganisha simu kwa waya, akashusha faili, akarudi saa nane hivi anatabasamu kama ametoka kuoa.

Tukafungua kwa Mint. Jina la marehemu na vichwa vyote binti aliandika kwa Monotype Corsiva, zile herufi za mwandiko wa kulala, na kwenye Mint hiyo fonti haipo. Kijana alikuwa ameshaweka zile fonti za Microsoft zinazotolewa bure, Arial, Times New Roman, Georgia, lakini Corsiva haimo kwenye kifurushi kile. Ikaweka nyingine, mistari ikarefuka, wimbo wa mwisho ukaruka kwenda ukurasa wa tano na programu ni ya kurasa nne. Nikahamishia fleshi ya duka, nikachomeka kwa Windows 7 ya wizi, ikafunguka sawasawa. Templeti ya jalada nikaitoa kwenye folda ya Dropbox bila intaneti yoyote. Skani za kijana za kule Drive, brausa inazunguka tu. Sikusema neno, nilimwangalia tu.

Tukaprinti mpaka karibu na kafyu ya corona ya saa tatu usiku.

Intaneti ikarudi Jumatatu tarehe 18, bila mitandao ya kijamii, na Facebook ikabaki imefungwa hata zingine zilipofunguliwa. Kijana naye akarudi na wazo: anakopi Corsiva kutoka Windows, anaiweka kwa Mint, tunaipumzisha ile mashine kubwa. Nikamuuliza, si ulisema Windows hii ni ya wizi, sasa unataka kumwibia mwizi? Akanyamaza kidogo. Wacha nitafute ya bure, anti. Akapata kweli, inaitwa Z003, inafanana nayo sana kwa jicho. Nikajaribu programu ileile, mistari ikasogea tena, na mama mmoja wa kwaya aliyekuja kufanya fotokopi akachungulia akasema hizo herufi ni za kadi ya harusi. Windows 7 ikabaki pale mezani na kona yake ya nakala si halali, na kijana akaanza upya kugombana na printa.