Kinyama kwanza, dawa baadae

Kila nikirudi Pemba suali ni lile lile, hata salamu hazijesha: wewe mtafiti wa kitu gani khasa, misuli au kansa? Nikisema vyote viwili watu wanacheka. Ami yangu mmoja pale Wete ashaniambia kabisa, "mwanangu, mshika mbili moja humponyoka". Haya ami, jibu lako hili hapa, refu kidogo nivumilie.

Mimi sitibu mtu. Mimi nnaangalia vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama ya mwili wa mgonjwa. Mgonjwa anatolewa kinyama, kinakatwa vipande vyembamba sana, kinapakwa rangi, kinawekwa chini ya maikroskopu, na pale mezani msuli na mtoki (zile tezi zinazovimba shingoni, kwapani na kinenani) wanakaa jirani wala hawagombani. Wengine wanaona kazi ya kitoto hii, wao wanataka kusikia dawa mpya, sindano mpya, lini inakuja. Lakini ukifatilia maradhi haya mawili yalivyojulikana utakuta kila pahala kuna mtu aliyehangaika na kinyama.

Upande wa misuli nnashughulika zaidi na Duchenne. Ni jina la daktari wa Kifaransa wa karne ya 19, Guillaume Duchenne, na mimi nampenda kwa jambo moja, zamani zile ukitaka kuuona msuli wa mgonjwa unasubiri afe kwanza, yeye akatengeneza sindano yake ya kuchomolea kinyama mtu yuko hai anakuangalia. Maradhi yenyewe yanawapata khasa watoto wa kiume. Mtoto anazaliwa mzima, anachelewa kidogo kutembea, akifika miaka mitatu minne hivi unaona anaanguka anguka, ngazi zinamshinda, na akikaa mkekani akitaka kuinuka anajishika magoti halafu mapaja anajipandisha kwa mikono kama anakwea mnazi, ila mnazi wenyewe ni mwili wake. Na vigimbi vimejaa! Watu wanasifu, huyu atachezea timu ya taifa, kumbe mule ndani msuli unakufa na nafasi yake inajaa mafuta na makovu.

Hapo ndo maneno yanapoanza. Kachezewa, kapitiwa na upepo, mama ana mkosi. Wallahi hili linanikera kuliko maradhi yenyewe. Mwaka 1986 timu ya Louis Kunkel kule Boston waliipata jeni inayohusika, iko kwenye kromosomu X, na mwaka uliofata protini inayotengenezwa kwa jeni hiyo, ile inayoulinda msuli, ikapewa jina, distrofini. Mtoto wa kiume ana X moja tu, ikiharibika hana akiba. Mama anaweza kuibeba asijue maisha yake yote, na kwa karibu theluthi moja ya watoto hitilafu imezuka upya, mama hana kitu kabisa. Sasa nyie mnaomwambia mwanamke wa watu ana mkosi mnapima na nini? Kwenye msuli mzima ukipaka rangi ya kutafuta distrofini unaona kila uzi umezungukwa na pete, kwa mtoto wa Duchenne pete hazipo au zimefifia mno. Ndo hivyo tu, hakuna jini.

Mwaka 2023 Marekani waliruhusu tiba ya jeni, dozi moja dola milioni 3.2. Mnisamehe, nnaipita hiyo.

Sasa mitoki. Saratani ya mitoki ni jina moja lakini ndani yake yamo maradhi mengi, na moja lilijulikana duniani kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, akawa anaona watoto wana uvimbe wa taya unaokuwa kwa kasi ya ajabu, akaandika mwaka 1958, na leo unaitwa uvimbe wa Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakachukua gari wakazunguka kama maili 10,000, hospitali moja baada ya nyengine, kuuliza tu, nyie uvimbe huu mnao? Ikatoka ramani, na ramani inafata joto na mvua, yaani inafata malaria. Na sisi tumo humo. Unguja na Pemba uvimbe ule ulionekana nadra ukilinganisha na bara, na sababu iliyotajwa ni ile kampeni ya kupuliza dawa ya mbu majumbani ambayo wazee wetu wanaikumbuka, iliyokwenda mpaka 1968.

Kinyama sasa. Anthony Epstein wa London alimsikia Burkitt akihutubia, akaomba aletewe vinyama kwa ndege kutoka Uganda. Alishuku kirusi ndo chanzo, akakitafuta miaka, hapati kitu. Disemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester, kichupa kikafika kimechelewa na maji yake yamechafuka. Mtu mwengine angemwaga. Yeye akatia tone kwenye maikroskopu, akakuta chembe za uvimbe zinaelea, hai. Februari 1964 yeye na Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona kirusi, cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu. Watu wazima karibu wote tunacho wala hatuumwi, tatizo ni mtoto mdogo akikipata huku malaria inampiga kila mara.

Kuna na kidonge kinachoyakutanisha maradhi yangu mawili, prednisoloni. Kwa Duchenne kinachelewesha udhaifu, kwa saratani ya mitoki kinaua chembe zenyewe ndo maana kinatiwa kwenye mchanganyiko wa dawa. Uzuri huo ndo balaa lake. Mtu ana mitoki imevimba shingoni, anakwenda duka la dawa anapewa predi, mitoki inasinyaa, anashukuru, halafu kinyama kikija kwangu sioni kitu cha kueleweka, na miezi miwili mbele uvimbe umerudi na hasira. Tafadhalini predi isitangulie kinyama. (Aliyeandikiwa na daktari asiache ghafla, hiyo hatari nyengine.)

Na wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, juzi nimeletewa mtoki kwenye chupa ya maji ya kunywa umeelea kwenye maji ya chumvi tokea juzi yake, umeoza, na mgonjwa ni mtoto. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, hatuna muda wa kumkata tena. Tieni formalini (dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze) ya asilimia 10, iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama, jina liandikwe kwenye kichupa sio kwenye kifuniko. Msuli msiutie humo kabisa, ule unataka kugandishwa, na siku hizi kwa mtoto wa Duchenne bora tuanze na damu, kipimo cha CK (kitu kinachovuja kwenye damu msuli ukiharibika) halafu cha jeni. Nipigieni kwanza kabla hamjakata.