Tangi langu la matumbawe limetulia

Tangi la lita 600 limetulia jamani, na furaha niliyo nayo siwezi kuificha! Wengi mnaniuliza kuhusu samaki, lakini kazi yenyewe ni maji. Kabla ya kuweka kiumbe chochote, mawe na mchanga vilikaa kwenye maji ya chumvi wiki kadhaa ili bakteria wazaliane. Kundi moja hugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa viumbe, kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Hapo hakuna njia ya mkato. Subiri mpaka amonia na nitriti zisome sifuri.

Kinachowachanganya wengi ni mvuke. Maji yakipungua, chumvi haiendi popote, inabaki tangini. Kwa hiyo najazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, ili kipimo kibaki karibu gramu 35 kwa lita. Joto nyuzi 25 au 26, basi.

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu iliyomo majini, nami naitaka kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Ila ualkali, yaani uwezo wa maji kuzimua asidi, ndio naouogopa zaidi: ukiyumba ghafla, matumbawe hujikunyata, na nyama yake huweza kuanza kubanduka kuanzia chini.

Usiku taa zikizimwa, namulika kwa tochi nyekundu. Minyiri myembamba ya matumbawe, yaani vijimkono vyake, imetoka yote, inanasa vijidudu. Naweza kukaa hapo saa nzima.

Jumamosi nabadilisha asilimia 10 ya maji na kuosha kikombe cha kichuja povu, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu; kimejaa uchafu wa rangi ya chai ya rangi. Mwenye swali aulize tu.