Jinsi nilivyopata karatasi za oparesheni ya yaya

Yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alijifungua kwa kupasuliwa katika kliniki moja hapa Lubumbashi. Wiki tatu zikapita, tumbo linavimba, homa kila usiku. Kliniki wakasema ni kidonda tu, ameze dawa. Hospitali nyingine wakampasua tena. Daktari akaniita, akanionyesha bakuli la chuma: kompresi ya kupangusia damu, imekunjamana, imekuwa kijani, inanuka.

Mtaani kwetu Katuba kila mtu alisema: nendeni mkawashe moto! Nikaenda na wajomba wawili. Tulipiga kelele mapokezi mpaka mlinzi akatutoa. Nilipoomba fishi ya yaya, yaani karatasi zake za matibabu, kesho yake, nikaambiwa imepotea. Mpaka leo naamini ni kelele zetu zilizoipoteza.

Binamu yangu anayesoma sheria ndiye aliyenikalisha chini. Daktari hadaiwi kuponya, alisema, anadaiwa uangalifu. Na kusahau kitambaa tumboni mwa mtu si bahati mbaya. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo kinasema anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake atalipa. Cha 260 kinamshika na mwajiri, kwa hiyo kliniki haiwezi kujificha nyuma ya daktari wake.

Basi nikaandika barua, nakala mbili. Sikutaja kompresi wala sheria. Niliomba protokoli ya oparesheni, ile ripoti ya jinsi alivyopasuliwa iliyo ndani ya fishi, kwa sababu daktari mpya anaihitaji kumtibu yaya, na ilikuwa kweli. Nikafika Jumatatu asubuhi na mapema, sekretari yuko peke yake na rundo la barua. “Mama, shikamoo. Naomba unigongee muhuri na tarehe kwenye hii yangu.” Akagonga, pwa! Ile nakala niliikunja nikaitia ndani ya Biblia, nikatembea nayo kifuani hadi nyumbani.

Siku tisa baadaye fishi “ikaonekana.” Ukurasa wa pili, mahali pa kuandika hesabu ya kompresi kabla ya kushona, palikuwa peupe. Hakuna hata namba moja.

Avoka, yaani wakili, alichukua dola mia na kitu kwa barua yake kwa kliniki. Kliniki wakakubali kulipa oparesheni ya pili na fidia juu yake. Karatasi waliyoleta ilikuwa na mstari unaosema hawakukosea lolote. Yaya aliisoma yote polepole, mtoto mgongoni, akaomba kalamu, akaukata ule mstari kwanza, ndipo akatia sahihi.